Ticha wa Ijumaa

Mvulana wa darasa la nne alikuwa amevimba shavu la kushoto. Jino. Machozi yanamlengalenga, kiganja kimegandamana na shavu. Zamu yake ilipofika nikamwuliza kwa Kiingereza, kama nilivyoelekezwa kumwuliza kila mtoto mwanzoni mwa kila kipindi: How are you? Akasimama wima, akashusha mkono, akajibu bila kukosea hata silabi moja: I'm fine, thank you, and you? Kisha akaketi, akarudisha kiganja mahali pake.

Hakuna aliyecheka. Kwa wenzake hapakuwa na kichekesho chochote: ticha ameuliza, jibu limetolewa, jibu ni sahihi. Ni mimi niliyebaki nimeshika kalamu ya ubao, nikijiuliza hivi nimemwuliza nini huyu mtoto.

Kuna filamu ya Kithai ya mwaka 2014 iliyosimama juu ya jibu hilo hilo. Inaitwa I Fine..Thank You..Love You, ya mwongozaji Mez Tharatorn, na Mthai yeyote aliyepita shule anauelewa utani wa jina lake kabla hajaona hata picha moja. Fundi wa kiwandani anataka kumfuata mpenzi wake wa Kijapani aliyekwenda Marekani. Kiingereza hana. Anambana mwalimu wa tuisheni amfundishe, na mengine mnaweza kuyakisia, maana ni vichekesho vya mapenzi. Nilipoitazama mara ya kwanza bwenini nilicheka kama wengine. Nilipoirudia baada ya yule mvulana, niliona kwamba kicheko chote kinaning'inia kwenye jambo la kusikitisha: mtu mzima amesoma Kiingereza tangu utotoni, na kilichobaki kichwani ni salamu inayomlazimisha kila siku aseme ni mzima.

Nasi tunayo yetu, msijidai. Darasa la tatu, Muheza, mwalimu akiingia tulisimama kwa kishindo na kuimba Good morning, teacher kwa sauti ya kwaya, na akituuliza hali tulikuwa wazima sote, hata siku ambayo nusu ya darasa haikunywa chai. Hivyo sikumshangaa mvulana. Nilijishangaa mimi, kwamba nimesafiri bahari nzima kuja kuendesha wimbo ule ule, safari hii nikiwa upande wa mbele wa darasa.

Niko Khon Kaen, kaskazini-mashariki mwa Thailand, eneo wanaloliita Isan, kwa shahada ya uzamili ya ufundishaji wa lugha. Muhula wa kwanza kikundi kimoja cha kujitolea kilipita chuoni kikitafuta watu wa kwenda shule za vijijini mara moja kwa juma. Nikajiandikisha. Nia yangu ilikuwa safi kiasi, na wasifu wangu wa kuombea kazi ulikuwa na pengo. Sitaki kudanganya ni ipi iliyotangulia.

Mafunzo yalikuwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kwenye ukumbi wenye baridi ya kiyoyozi kiasi cha kumfanya mtu avae sweta katika nchi yenye joto la Tanga. Tulifundishwa wimbo wa kichwa na mabega, mchezo wa kurushiana mpira huku unataja rangi, namna ya kukata kadi za picha. Tuliambiwa tusitafsiri neno lolote. Tuliambiwa tutabasamu. Hakuna aliyetuambia watoto tunaokwenda kuwafundisha wanaongea lugha gani nyumbani, jambo ambalo ningedhani ndilo la kwanza. Jumapili jioni tukapewa vyeti vya ushiriki vyenye nembo ya rangi ya dhahabu. Mimi niliyewahi kusota miaka mitatu ya ualimu chuoni nyumbani nilikipokea cheti kile kwa mikono miwili, nikapigwa picha.

Nyumbani wale watoto wanaongea Kiisan, ambacho ni ndugu wa damu wa Kilao cha ng'ambo ya mto Mekong. Kithai sanifu wanakikuta shuleni. Kiingereza ni lugha ya tatu, na wanaanza kukisoma darasa la kwanza. Imekuwa lazima hivyo tangu mtaala wa 1996. Mtoto wa Kizigua au wa Kisukuma angeielewa hali hii bila maelezo. Tofauti ni kwamba kwetu Kiingereza kinamsubiri sekondari na rungu, kinageuka lugha ya masomo yote, wakati Thailand kinabaki kipindi kimoja kati ya vipindi vingine, kama michezo au ufundi. Wathai hawakutawaliwa na Mzungu, na lugha yao inabeba kila kitu mpaka udaktari. Mara nyingi nilitamani watani zangu wa Dar wanaodai Kiswahili hakiwezi sayansi wakae siku moja tu kwenye mhadhara wa baiolojia hapa.

Kuna kitu kilichonichekesha mapema na kunifunga na wale watoto. Kithai hakipendi konsonanti fulani mwishoni mwa neno, na herufi l ikikaa mwisho inageuka n. Kwa hiyo football kwao ni "futbon". Sisi tunafanya kinyume: hatuwezi kuacha neno bila irabu, tunaita "futiboli". Wao wanakata mkia, sisi tunaongeza. Na neno la kuniita lilikuwa lile lile tunalolitumia mtaani kwetu: ticha. Walitamka sawasawa na mtoto wa Temeke. Siku ya kwanza niliposikia "Ticha! Ticha!" kutoka upande wa bomba la maji niligeuka kwa moyo wote kabla sijakumbuka niko wapi.

Baada ya hapo ndipo mwenzangu wa bwenini, msichana wa Kithai anayesoma uhandisi, aliponionyesha filamu nyingine ya mwaka huo huo wa 2014, ambayo nje ya Thailand inajulikana kwa jina la The Teacher's Diary. Mwongozaji ni Nithiwat Tharathorn, na ndiyo Thailand iliyoipeleka kugombea Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ingawa haikuingia tano bora. Mwalimu Ann ana chale ya nyota mkononi. Mkuu wa shule anamtaka aifute, anakataa, anapelekwa kufundisha shule inayoelea, nyumba ya mashua katikati ya bwawa, bila mtandao wa simu, na wanafunzi ni watoto wa wavuvi. Anaandika shajara. Baadaye anakuja Song, mpiga mieleka aliyekosa kazi, ambaye kufundisha hajui. Anaikuta shajara, anaisoma usiku, anampenda mwandishi wake bila kumwona. Shule ya namna hiyo ipo kweli, mkoa wa Lamphun, na filamu ilichota humo.

Ni filamu nzuri, nililia mahali palipotakiwa kuliwa. Lakini nina ugomvi nayo, na ugomvi wenyewe ndio ulionifanya niandike.

Kwanza, maji. Kamera imelipenda bwawa kiasi kwamba upweke wa kazi ya ualimu unageuka mandhari. Jua linazama, mtu mmoja yupo ukingoni mwa mashua, muziki. Nani asingetaka kupelekwa adhabu ya namna hiyo? Mwalimu mwenyeji wa shule yangu, ambaye nilimwita "pii" kama wanavyomwita mtu aliyekutangulia kuzaliwa, yaani dada, alikuwa na upweke usio na machweo. Shule ilikuwa na watoto wasiozidi 70. Wizara huhesabu shule kuwa ndogo ikiwa na wanafunzi 120 kushuka chini, na zipo kwa maelfu. Katika shule hizo walimu hawatoshi, basi mmoja anashika madarasa mawili au matatu kwa pamoja. Pii alifundisha la nne, la tano na la sita, kila somo. Juu ya hapo alikuwa mtu wa manunuzi, mtu wa chakula cha mchana, na mtu wa kuhesabu zile pakiti za maziwa ya shule kila asubuhi. Nikimkumbuka leo namwona amepiga magoti mbele ya printa iliyokwama karatasi, saa tatu asubuhi, ripoti inatakiwa wilayani saa nne, na watoto wa madarasa matatu wameachiwa televisheni.

Televisheni hii nayo inastahili filamu yake. Tangu 1995 masomo yanarushwa kwa setilaiti kutoka shule ya Wang Klai Kangwon iliyoko Hua Hin, kwa ajili ya shule zenye upungufu wa walimu. Mwalimu wa kwenye kioo anafundisha darasa halisi lililo mbele yake kule Hua Hin. Watoto wa kijijini wanafuatilia, wanaandika anachoandika, wanajibu anapouliza. Niliwaona wakimjibu. Anauliza, anasubiri sekunde kadhaa, watoto wetu wanapaza sauti, naye anasema vizuri sana, akiwasifu wale wa Hua Hin. Mwanzoni nilitaka kucheka. Baadaye niligundua kwamba yule mwalimu wa kioo haanzi upya kila juma. Jumatatu alikuwa ukurasa wa 31, Jumanne ukurasa wa 33. Mimi wa nyama na damu nilikuja Ijumaa na wimbo wa kichwa na mabega.

Ugomvi wa pili: katika filamu hizi zote mwalimu ni mtu anayefika. Hadithi inaanza chombo kinapotia nanga na kumshusha. Watu waliokuwapo kabla hawana hadithi, ni wenyeji tu, wanapika na kupunga mkono. Jambo hili si la sinema peke yake. Kila kikundi cha kujitolea kinahitaji picha ya mgeni akiwa amezungukwa na watoto, na picha haiwezi kupigwa kwa mtu aliyekuwapo siku zote, maana hakuna anayemzunguka, wameshamzoea.

Picha. Tulikuwa wanne kwenye gari letu la Ijumaa: mimi, Mfilipino mmoja, Mthai mmoja, na kijana wa Kijerumani. Siku wafadhili walipokuja, mratibu alituomba tujipange, kisha kwa upole mkubwa, upole ule wa Kithai ambao hauachi mahali pa kushika hasira, akamwomba Mjerumani asogee katikati na ashike kadi yenye herufi A. Mimi na Mfilipino tukapelekwa pembeni, nyuma ya watoto warefu. Mjerumani aliona haya kuliko sisi. Kiingereza ni lugha yake ya pili, kama yetu, na alikuwa na tabia ya kuniuliza mimi vihusishi. Thailand neno ni farang, mgeni mweupe, na mzazi anayelipia masomo ya Kiingereza anataka kumwona farang akiingia darasani. Matangazo ya kazi yanalisema hilo kwa lugha ya kisheria: wanatakiwa wazawa wa lugha. Wafilipino wanafundisha katika shule nyingi za nchi hii na mara nyingi wanalipwa chini ya mtu mweupe mwenye sifa zao. Yule Mfilipino wetu alikuwa mwalimu kuliko sote. Aliwahi kusimamisha mchezo wangu katikati, akaninong'oneza kwamba mtoto wa dirishani hasikii sikio la kulia, ndiyo maana mpira unamgonga.

Sikuwa nimeliona. Ijumaa sita nilikuwa namhesabu mzembe.

Kwa muda nilidhani sinema ya Thailand haijui kitu kingine zaidi ya mgeni mzuri na machweo, mpaka profesa wangu aliponituma nisome Khru Ban Nok, riwaya ya Khamman Khonkhai, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1982 na kupewa jina la The Teachers of Mad Dog Swamp. Jina lenyewe la Kithai ni mwalimu wa kijijini tu. Kijana Piya anatoka chuo cha ualimu, anakwenda kijiji kimoja cha Isan, shule ya hali duni, na huko anakuta watu wakubwa wanavuna magogo kinyume cha sheria. Hanyamazi. Anaitwa mkomunisti, na katika Thailand ya miaka ile neno hilo halikuwa tusi, lilikuwa hukumu. Mwaka 1978 Surasee Patham aliigeuza kuwa filamu. Niliitazama kwenye nakala chakavu isiyo na tafsiri, mwenzangu wa bwenini akinitafsiria sikioni. Yeye ni mtu wa Isan. Mwalimu alipopigwa risasi aliacha kutafsiri, na mimi sikumwomba aendelee.

Nyuma ya hadithi ile kuna historia. Mwaka 1969 Puey Ungphakorn, mchumi aliyekuwa gavana wa Benki Kuu, alianzisha chuoni Thammasat programu ya kuwapeleka wahitimu vijijini wakajitolee, wengi wakifundisha, wakaishi na wanakijiji na kuandika walichokiona. Tarehe 6 Oktoba 1976 wanafunzi waliuawa ndani ya chuo hicho hicho, na Puey, wakati huo akiwa mkuu wa chuo, akaondoka nchini siku hiyo hiyo. Katika hali kama hiyo, kijana wa mjini kwenda kijijini na vitabu ilikuwa jambo la kutiliwa shaka na askari. Khru Ban Nok imetoka kwenye hewa hiyo. Kujitolea kwa Piya kuna gharama, na inayonigusa kuliko kifo ni gharama ndogo ndogo za kabla: kukaa, kujua shamba la nani limeliwa na nani, kuwa na maadui wenye majina.

Ukiiweka The Teacher's Diary kando ya hiyo, unaona miaka 36 imefanya nini. Kijiji bado ni maskini ila hakuna anayesababisha umaskini wake. Hakuna gogo linaloibwa. Adui wa Ann ni mkuu wa shule mwenye chuki na chale, na mchumba wa mjini asiyemwelewa. Watoto wanaacha shule wakavue samaki kwa kuwa ndivyo maisha yalivyo, kama mvua. Najua nadai makubwa kwa filamu ya mapenzi. Lakini filamu hiyo ndiyo wanayoitazama vijana wanaojiandikisha kwenye magari ya Ijumaa, nami niliitazama.

Na bado, ukinishika nichague moja, nitachagua ya mashua. Ndani yake mna kitu ambacho Khru Ban Nok haina, na nadhani mwongozaji mwenyewe alikichukulia kama kisingizio cha mapenzi tu: ile shajara. Ann anaandika kilichomshinda. Anaandika mtoto gani yukoje. Song anasoma usiku, asubuhi anajaribu, anakosea, anaandika pembeni yake. Ann anaporudi anakuta majibu. Mwalimu asiyejua kazi anafunzwa na mwalimu asiyekuwapo, kwa habari za watoto wale wale, kwenye chumba kile kile. Ondoa mapenzi, ondoa muziki, na hayo ni mafunzo bora ya ualimu niliyowahi kuyaona kwenye kioo. Siku zetu mbili za kiyoyozi hazikufika hata robo.

Nilimweleza pii maoni haya wakati wa chakula, watoto wakipiga mswaki kwa mstari kwenye mabomba, povu mdomoni, wakihesabiwa. Alikuwa ameiona filamu, Mthai gani hajaiona. Akasema ameipenda, ila pale mashuani hakumwona mkaguzi. Kisha akaniambia habari ya mafunzo yake mwenyewe. Katikati ya miaka ya 2010 Wizara ya Elimu kwa kushirikiana na British Council iliendesha kambi za walimu wa Kiingereza, wiki tatu mfululizo katika vituo vya kanda, mkazo ukiwa kumfanya mwanafunzi azungumze badala ya kukariri sarufi. Pii alikwenda. Alisema lilikuwa jambo zuri kabisa kwake katika miaka yote ya kazi, maana kwa wiki tatu alikuwa mwanafunzi na hakuna aliyemwuliza habari ya maziwa. Alirudi na mbinu. Alizitumia muhula mmoja. Halafu mwenzake akahamishwa, nafasi haikujazwa, akapewa madarasa mawili zaidi, na mbinu zile za kuzungumza kwa vikundi zinataka mwalimu aliyepo ndani ya darasa.

"Ninyi mnakuja kunisaidia kufundisha," aliniambia. "Siku moja mje mnisaidie ripoti."

Alisema akicheka, nikacheka. Jioni nikampigia mama simu. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, anakaribia kustaafu. Nikamsimulia, naye akakaa kimya kidogo.

"Wa kwetu walikuja na rangi, mwanangu. Wakapaka darasa la pili. Rangi ya maji, masika ikaisha nayo. Wakasema tutarudi."

"Walirudi, mama?"

"Walituma picha."

Kisha akanikumbusha jambo nililokuwa nimelisahau kwa makusudi. Kwetu neno "mwalimu wa kujitolea" halimaanishi mgeni. Ni kijana aliyemaliza chuo, ajira hazijatangazwa, anafundisha shule ya kata kwa posho ya michango ya wazazi, pengine mwaka, pengine mitatu, akitumaini jina litatoka. Nilikuwa mmoja wao miezi kumi na moja kabla ya ufadhili huu. Hakuna aliyenipa cheti cha dhahabu. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa 84, na nilijua majina ya karibu wote, kwa sababu kesho yake nilikuwapo.

Wathai wenyewe wana maneno mawili ambayo yamenisaidia kufikiri. Moja ni chit asa, moyo wa kujitolea, neno la mabango na fulana. Jingine ni la wakulima: long khaek. Mavuno ya mpunga yakikaribia unaita majirani, wanakuja na mundu zao, unawapikia, na mpunga wao ukiiva unakwenda wewe. Ni msaragambo, ni ujima, kila kijiji chetu kina jina lake. Khaek maana yake mgeni, lakini mgeni huyu anadaiwa na anadai. Ukikosa kwenda kwake, mwakani utavuna peke yako na watu watajua kwa nini. Mwenye chit asa hadaiwi. Anatoa, anashukuriwa, anaondoka, na asipotokea Ijumaa ijayo kwa sababu ana mtihani, wataelewa. Mimi sikutokea mara tatu. Walielewa mara tatu. Hakuna kitu kilichonivunja moyo kama kuelewa kwao.

Simdharau anayekuja. Wamarekani wa Peace Corps wako Thailand tangu 1962, wanakaa miaka miwili, wanajifunza lugha, na wapo waliofanya kazi ya maana kando ya walimu wenyeji. Mtu wa miaka miwili ana nafasi ya kuchosha watu na kusamehewa. Swali langu ni la sisi wa siku moja kwa juma, tuliojaa vyuoni, ambao hadithi zetu zinajulikana mpaka mwisho kabla hatujaziandika: mtoto mmoja asiyesahaulika, kumbatio, machozi uwanja wa ndege, na sentensi isemayo nilikuja kufundisha nikafundishwa mimi. Nimesoma insha za namna hiyo kwa darasa langu la uandishi, zaidi ya ishirini. Katika zote sikuona hata moja iliyosema somo lilifika wapi.

Ijumaa ya mwisho wa muhula, mwanzoni mwa Oktoba, pii alinipa kitabu cha wageni nitie saini. Daftari kubwa la jalada gumu, lililofunguliwa miaka mingi kabla yangu. Nikarudi nyuma kurasa. Waliojitolea kutoka nchi nisizoweza kuzitaja zote, mioyo iliyochorwa kwa kalamu nyekundu, sitawasahau, sitawasahau, asanteni kwa wali wa kunata. Nikafika ukurasa wa Juni, siku ya kuwaheshimu walimu, watoto walipopiga magoti mbele yetu na vibakuli vya maua na majani ya ukoka, nami nikapokea heshima ya pii nikiwa na majuma mawili kazini. Palikuwa na mwandiko wangu. I will never forget you all. Nilikuwa nimechora na moyo.

Nikaomba daftari jingine, lile la mistari la watoto. Nikakaa kwenye kibanda cha chakula mpaka dereva akapiga honi mara ya pili. Nikaandika kwa Kiingereza chepesi, pii akiweka Kithai chini yake. Darasa la nne: wanajua viungo vya mwili, hawajui kusema kinauma. Tulianza My tooth hurts, waliifurahia, wakawa wanaumwa meno wote juma zima. La tano: msiwape wimbo tena. Mtoto wa dirishani hasikii sikio la kulia, akae upande wa pili. La sita: wasichana wawili wa nyuma wanasoma kuliko kitabu, watafutieni kingine. Kadi za picha ziko kabatini, ya embe imeliwa na panya. Pii ana ripoti kila mwisho wa mwezi. Juma hilo shika madarasa yote matatu, usilete mchezo unaomhitaji yeye.

Mnamo Novemba muhula wa pili ulipoanza nilikuwa na utafiti, sikurudi kwenye gari. Aliyenirithi ni kijana wa Kivietnam. Alinitumia ujumbe Ijumaa ya pili: daftari amelipata, amelisoma lote, ila mtoto wa dirishani hamwoni. Nikamwomba amwulize pii. Jibu likaja jioni. Wazazi wake wako kiwandani Rayong kama wazazi wengi wa pale. Bibi aliyemlea alianguka akavunjika nyonga, mtoto akachukuliwa na mama yake, amehamia huko. Pii alikuwa amempigia simu mwalimu mpya kumweleza habari ya sikio. Mvietnam aliuliza basi afanye nini na ile sentensi, aifute? Nikamwambia aandike pembeni kwamba amehama, na tarehe.